Kanga za safari kuwa mfarishi: ninunue ngapi, nifue vipi, nikate wapi?

Swali. Msomaji wa Arusha anaandika: "Nashona kwa kujifurahisha. Nina cherehani ya kawaida na nimezoea kazi ndogo za viraka: mito, mikoba, vitambaa vya meza. Desemba tutasafiri Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Lamu. Nataka kununua kanga kila tutakapopita, na nikirudi nizishone mfarishi wa kitanda cha futi 4 kwa 6, uwe kumbukumbu ya safari. Tatizo ni kwamba kanga nilizowahi kuchanganya na kitambaa cheupe zilichuja zikaharibu kazi, ingawa niliziloweka kwenye chumvi na siki. Pia naona uchungu kulikata jina la kanga. Ninunue ngapi, nizitayarishe vipi na nizikate wapi?"

Jibu. Dada, mfarishi wa kanga huharibikia dukani na kwenye beseni kabla haujafika kwenye cherehani. Kushona ndiyo sehemu nyepesi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kuchagua, kufua na kukata, na mshono nitaupitia kwa haraka.

Tuanze na huo uchungu wa kukata, kwa sababu una msingi. Kitenge ni kitambaa cha jora: mchoro unajirudia, ukate hapa au pale utapata kilekile. Kanga imepangwa. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na jina limekaa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Ukiikata kama kitenge unabaki na nusu za korosho, vipande vya pindo visivyofuatana, na "Nani kama ma" upande mmoja, "ma" upande mwingine. Mfarishi mzuri wa kanga unaheshimu mpangilio huo: kanga moja inabaki nzima katikati, na zile nyingine zinakatwa kwa kufuata sehemu zake.

Mahesabu kabla ya safari

Kanga moja huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi, yaani karibu inchi 59 kwa 43. Baada ya kufuliwa kwa maji ya moto, tegemea ipungue asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo fanya hesabu yako kwa inchi 57 kwa 41, na ikikauka uipunguze kingo hadi 56½ kwa 40½. Mishono ikishapita utabaki na 56 kwa 40.

Pande mbili ndefu za kanga hiyo ongeza vibanzi vya pindo vya inchi 5, ufikie 56 kwa 50. Kwenye pande fupi ongeza vibanzi vya inchi 2 vya rangi moja, ufikie 60 kwa 50. Kisha izungushie miraba ya inchi 10: mitano juu, mitano chini, halafu minane kila ubavu. Jumla ni miraba 26, na mfarishi unatoka inchi 80 kwa 70. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni inchi 48 kwa 72, kwa hiyo utaning'inia inchi 11 kila ubavu na nane zitakazobaki zitashuka miguuni. Kanga italala kwa urefu wa kitanda, na jina litasomeka ukisimama ubavuni.

Kanga za viwanda mbalimbali hazilingani. Yako ikitoka fupi au nyembamba, usiivute. Badili vibanzi: toa urefu wa kanga iliyopunguzwa kingo kwenye 60½, gawa kwa mbili, ndio upana wa kibanzi cha upande mfupi. Toa upana wake kwenye 50½, gawa kwa mbili, ndio upana wa kibanzi cha upande mrefu. Kila kibanzi kiongezee nusu inchi ya mishono wakati wa kukata.

Sasa idadi. Nunua doti tano. Doti ya kwanza, ile unayoipenda kuliko zote, inatumika kanga zote mbili: moja inakaa katikati, pacha wake anatoa mapindo mawili marefu, na mji wake unatoa miraba sita. Katika kila moja ya doti nne zilizobaki, kata kanga moja upate miraba sita, na pacha wake umhifadhi mzima. Utakuwa na miraba 30 kwa kazi ya miraba 26. Ile minne ya ziada ni ya kufidia makosa na ya kuchagulia mpangilio. Na kabatini utabaki na kanga nne kamili, zenye majina yake, hata kama mfarishi utachakaa. Mtu anayekusanya nguo asikate zote mbili za doti bila sababu nzito. Mchoro wa kanga hutoka kwa msimu, ukiisha sokoni huenda usirudi.

Kingo za mfarishi na vile vibanzi vya inchi 2 vitoke kwenye kitenge kimoja cha yadi 2, cha rangi tulivu. Kwa kitambaa cha chini chukua marekani ya upana wa inchi 45, yadi 5 na nusu: utaikata mara mbili kwa inchi 88 baada ya kufua na kuiunganisha kwa urefu. Nunua marekani Arusha, usiibebe safari nzima.

Dukani

Dar es Salaam, maduka ya jumla ya kanga na vitenge yako Kariakoo na Mtaa wa Uhuru. Unguja anzia Darajani uingie Mtaa wa Mchangani. Mombasa ni Biashara Street, na mji huo ndiko alikoanzia Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887, ambaye kanga za nyumba yake zinajulikana mpaka leo kwa maandishi "Mali ya Abdulla". Lamu maduka yamejipanga kwenye njia kuu ya mji, na humo vikoi ni vingi. Unguja na Lamu maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya Ijumaa, kwa hiyo usiiweke adhuhuri ya Ijumaa kuwa ndiyo saa yako pekee ya kununua.

Doti huuzwa ikiwa haijatenganishwa. Nje ya duka mara nyingi kuna fundi wa kuikata na kuipinda papo hapo. Mwambie mwenye duka hutaki kupindwa. Upindo wa fundi hula kitambaa, na kuufumua huacha matundu pale ambapo wewe unahitaji ukingo safi.

Kabla ya kulipa, angalia mambo haya kwa utaratibu.

Pima uzito wa kitambaa chenyewe, si wa wanga. Kanga mpya huwa imetiwa wanga kiwandani, ndiyo maana hafifu huonekana nzito. Finyanga kona kwa nguvu kwa vidole kama unayefikicha nguo. Ikilainika ghafla na kuacha vumbi jeupe vidoleni, huo ulikuwa wanga. Kisha iinue mbele ya mwanga: nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) ziwe zimebanana sawasawa. Ukiona vitundu kama vya chachi, mishono itaachia ikivutwa.

Geuza upande wa pili. Kanga huchapwa upande mmoja, lakini iliyochapwa vizuri rangi hupenya na kuonekana nyuma. Nyuma ikiwa karibu nyeupe, rangi imekaa juu tu na itakwisha kwa kusuguliwa.

Kisha omba ruhusa usugue. Lowesha kidogo ncha ya leso nyeupe ya mkononi na usugue mara kumi juu ya rangi nyeusi au nyekundu, halafu rudia kwa ncha kavu. Alama hafifu ya majimaji ni ya kawaida kwa kanga mpya. Alama nzito iliyotoka kwa leso kavu ni onyo kubwa zaidi, na sababu yake utaiona chini.

Pamba au si pamba? Chomoa uzi mmoja kwenye ncha iliyokatwa, toka nje uuchome. Uzi wa pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kanga za poliesta zina rangi kali na bei rahisi, lakini hazinywi jasho, huteleza chini ya sindano na pasi ya moto wa pamba huziyeyusha. Usizichanganye na za pamba kwenye mfarishi mmoja.

Mwisho, kunjua doti yote na uangalie kama mchoro umenyooka. Kunja kanga katikati ya urefu wake, kila ukingo mrefu wa kiwanda ulale juu ya nusu yake nyingine, kisha tazama kama pindo la kushoto linakaa juu ya la kulia. Mchoro uliopinda nusu inchi unavumilika. Uliopinda inchi mbili waachie wengine, maana kila mraba utakaoukata utaonekana umeanguka upande.

Kwa kuchagua rangi, ushauri wangu ni huu: amua rangi tatu kabla ya kutoka nyumbani na uzishike mpaka Lamu. Kila mji una kanga za kukuvuta, na anayenunua kwa moyo wa siku hiyo hurudi na doti tano ambazo haziketi pamoja. Nyekundu, nyeusi na nyeupe za kisutu, kanga ya harusi ya pwani, ni msingi imara unaopokea karibu rangi yoyote ya nne. Kaniki iache. Ni nguo yenye historia yake, lakini huchuja kwa kusuguana hata ikiwa kavu, na kwenye kitanda itahamia kwenye mto na shuka.

Kila ununuapo, piga picha ya jina na ya maandishi madogo ya ukingoni yanayotaja mwenye mchoro na namba yake. Ukingo huo utaukata baadaye, na hayo ndiyo yanayotambulisha kanga. Beba mfuko wa kitambaa: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania bara tangu 2019, na vilevile nguo iliyofungiwa ndani ya plastiki kwenye joto la pwani huota ukungu kwa urahisi.

Kwa nini chumvi na siki hazikukusaidia

Hapa ndipo kazi yako iliharibika, na si kosa lako. Ushauri huo umeenea kila mahali. Chumvi ina kazi kwenye beseni la kutia rangi: husukuma rangi iliyo majini iingie kwenye uzi. Haiigandishi. Ukiloweka kanga kwenye maji ya chumvi, rangi iliyolegea inabanwa kwenye nguo muda ule tu, maji yanaonekana safi, nawe unaamini imekaa. Ukifua kwa maji matupu, chumvi inaondoka na rangi inatoka. Siki nayo husaidia rangi za sufu na hariri zinazohitaji tindikali. Pamba haina faida nayo.

Kwa kazi yako inatosha kutofautisha rangi za aina mbili. Ya kwanza hushikana na uzi wenyewe. Hii ikichuja, kinachotoka ni mabaki ambayo hayakupata nafasi ya kushika na ambayo kiwanda hakikuyasuuza vya kutosha. Dawa si kuyafunga, ni kuyatoa. Ya pili ni unga wa rangi uliogandishwa juu ya uzi kwa gundi. Hii haichuji sana majini, bali huhama kwa msuguano: ndiyo iliyoacha alama kwenye leso kavu.

Kwa ile ya kwanza, fua hivi, kanga moja kwa beseni moja. Anza kwa maji baridi, suuza wanga na rangi ya juu juu. Kisha weka maji ya moto: nusu yaliyochemka, nusu ya bomba, utapata joto la nyuzi 60 hivi. Tumia lita 15 au zaidi, na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya unga isiyo na dawa ya kung'arisha weupe. Geuza kwa mti kwa dakika 10 hadi 15, kisha toa kanga na umwage maji yangali moto. Usiyaache yapoe na kanga ikiwa ndani. Rangi iliyotoka hurudi kwenye sehemu nyeupe maji yanapopoa na nguo ikitulia, ndiyo maana kanga zilizolowekwa usiku kucha huamka na mji mweupe uliogeuka waridi. Rudia. Kanga nyingi husafika kwa mizunguko mitatu hadi mitano. Chota maji ya mwisho kwenye glasi na uyatazame juu ya karatasi nyeupe.

Glasi pekee haitoshi. Lowesha kona yenye rangi nzito zaidi, iweke katikati ya vitambaa viwili vyeupe, bandika pasi ya moto mpaka vikauke. Vikitoka safi, kanga iko tayari. Vikitoka na alama, rudi beseni. Ikifika mzunguko wa sita na bado inatia alama, hiyo si ya kukaa karibu na nyeupe. Itumie kati ya rangi za giza au uihifadhi nzima.

Kanga ya rangi ya unga usiisugue kwa maji ya moto, utaitoa rangi yenyewe. Ikunje uso uwe ndani, ifue kwa maji ya kawaida kwa mkono mwepesi, na ikikauka ipige pasi upande wa nyuma kwa moto wa pamba, polepole, kila sehemu ikipata joto la kutosha. Joto husaidia gundi kukamata zaidi. Ikiendelea kuhama, iwe kwenye miraba ya pembeni, si katikati ambako watu hulala na kugeuka.

Anika kivulini, kwa ukingo mrefu juu ya kamba, na uitoe ingali na unyevu kidogo ili pasi iinyooshe. Kitenge na marekani vifue vilevile. Marekani hupungua sana, na isipofuliwa kabla itakuja kuukunja mfarishi wote mara ya kwanza utakapoufua.

Mkasi

Kanga iliyofuliwa huwa laini kiasi cha kukimbia chini ya mkasi. Irudishie wanga wako mwenyewe: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa muhogo au wanga wa mahindi, koroga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga, chuja, acha ipoe. Paka au nyunyizia, kisha piga pasi. Wanga huo utatoka ukishamaliza, na usiuache humo kwa miezi kwa sababu mende wanaupenda.

Weka alama zote kabla ya kukata chochote. Kwanza zungushia jina: acha nusu inchi kuzunguka kisanduku chake au kuzunguka herufi, ikiwa halina kisanduku. Pili, chora mapindo. Tatu, ndani ya mji uliobaki, panga miraba ya inchi 10½. Kwa kawaida mitatu kwa miwili inaingia juu ya jina, na mchoro mkuu wa katikati, kama upo, unaweza kuuweka mzima katika mraba mmoja ukisogeza mingine. Tumia mraba wa kadibodi ngumu wenye dirisha la inchi 10 katikati: unaona kitakachoonekana baada ya mishono. Ukitaka miraba yako iwe na uhai, usikate yote kutoka sehemu ileile ya mji.

Kwenye kanga, mtande huenda kwa urefu wake, na jina linafuata njia hiyohiyo. Hiyo ni bahati, kwa kuwa kibanzi cha jina au cha pindo refu hakivutiki sana. Pindo la upande mfupi linafuata mshindio na huvutika zaidi, ndiyo sababu mahesabu yangu yalitumia mapindo marefu peke yake. Kipande chochote ulichokikata mshazari kitavutika kuliko vyote. Kishonee mshono wa kukizuia, karibu sana na ukingo, kabla ya kukitumia.

Pale ambapo mchoro na nyuzi havikubaliani, fuata mchoro ikiwa tofauti haizidi nusu inchi. Jicho litaona mchoro uliopinda, halitaona uzi uliopinda. Kabla ya hapo jaribu kuivuta kanga yenye unyevu kwa mshazari, watu wawili, kona kwa kona. Mara nyingi inarudi.

Majina manne uliyoyatoa kwenye zile kanga za miraba yaende upande wa chini wa mfarishi. Kunja ule ukingo wa nusu inchi kwa ndani, piga pasi, shona kwa mkono kwenye marekani kabla hujaunganisha tabaka. Chini ya kila jina andika kwa uzi mji na mwaka. Jina linalomtaja Mwenyezi Mungu liweke upande wa kichwani, kamwe lisikae miguuni. Wageni wako wa pwani wataliona kabla ya mshono wako.

Mshono

Sindano namba 80 kwa kuunganisha vipande, 90 kwa kupitia tabaka zote. Mshono wa urefu wa milimita 2 hadi 2½ kwa vipande, 3 kwa tabaka. Posho ya mshono, yaani nafasi kati ya mshono na ukingo wa kitambaa, ni robo inchi, na ijaribu kwanza: kata vibanzi vitatu vya upana wa inchi 1½, viunganishe, piga pasi. Kile cha katikati kiwe inchi 1 kamili. Ukikosea moja ya kumi na sita ya inchi tu kila upande, ubavu wa miraba minane utapungua karibu inchi nzima, na hautalingana na kati.

Fuata mpangilio ule wa hesabu: vibanzi virefu, vibanzi vifupi, miraba ya juu na chini, kisha ya ubavuni. Posho zipigie pasi kuelekea upande wa rangi nzito. Kanga nyeupe ni nyembamba, posho nyeusi iliyolala chini yake itaonekana kama kivuli.

Tabaka la kati litegemee unapoishi. Arusha yenye baridi ya Julai inastahili nyuzi laini za poliesta za kujazia, nyembamba, zile zinazouzwa kwa mafundi wa majaketi. Kwa nyumba ya Tanga au Mombasa weka shuka kuukuu la pamba lililofuliwa mara nyingi, au usiweke kitu kabisa.

Tandaza marekani sakafuni, ndani juu, ibandike kwa utepe bila kuivuta. Weka tabaka la kati, kisha uso. Piga bandi kwa uzi mweupe kutoka katikati kwenda nje, mistari ikiachana inchi 4. Usitumie uzi wa rangi, nao huchuja. Ukianza bandi pembeni, kitambaa kinachozidi kitakusanyika katikati, chini ya jina hasa, na hutaweza kukitoa.

Kwenye cherehani ya kawaida shida kubwa ni meno ya chini kuvuta marekani huku mguu ukiisukuma kanga mbele. Legeza skrubu ya juu ya nguzo ya mguu ili upunguze mkandamizo, au tumia mguu maalumu unaovuta tabaka la juu pamoja na la chini. Mistari yote ipeleke upande mmoja. Ukienda na kurudi, uso hujisokota. Kwenye kanga ya katikati fuata michoro yake na mstari wa pindo, na jina lizungushie mshono robo inchi nje ya herufi. Usipite juu yake. Miraba ishone kwa mistari isiyoachana zaidi ya inchi 4.

Kama unapenda kazi ya mkono, anza nayo safarini. Lamu waombe wakuoneshe kofia ya viua: ni tabaka mbili za kitambaa cheupe zilizoshikwa kwa vitundu vidogo vilivyoshonwa kimoja kimoja, na ni shule nzuri ya mkono kwa anayetaka kushona tabaka. Na siku utakapovuka bahari, Wasiddi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walitoka Afrika, hushona mifarishi iitwayo kawandi bila tabaka la kati: wanaanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiongeza kiraka juu ya kiraka kwa mshono wa kupenyeza. Njia hiyo haihitaji meza wala cherehani, na mabaki yako ya kanga yanatosha kwa mfarishi wa mtoto.

Kingo: vibanzi vitano vya kitenge vya inchi 2½, vilivyokatwa kwa urefu, vilivyounganishwa kwa mshazari. Unahitaji inchi 312. Vikunje viwili, shona kwa mashine upande wa uso, malizia kwa mkono chini.

Kanga nne ulizozihifadhi zikae bila wanga, zimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe kilichofuliwa, mbali na mbao tupu. Ukizikunja, badili mikunjo kila baada ya miezi michache. Karafuu ziwe kwenye kifuko kisichogusa nguo, mafuta yake huacha madoa.

Na ikitokea, pamoja na yote haya, mfarishi uliokwisha kushonwa ukachuja mara ya kwanza ya kufuliwa, usiuanike. Rangi iliyohama ikikauka, kuitoa ni kazi ngumu zaidi. Ungali umelowa, uzamishe wote kwenye pipa au beseni kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, maji ya moto na sabuni, usiachwe hata pembe moja juu ya maji. Yakianza kupoa na kupata rangi, badilisha mengine ya moto, na uendelee hivyo hata kwa nusu siku, mpaka maji yakae safi. Ndipo uusuuze na kuuanika.